Alichoombwa Madam Sally

Kanuni ya kwanza aliyofundishwa Akiru Ebei kuhusu kazi aliyoitaka ni kwamba kazi hiyo haiombwi.

Mwalimu wake aliitwa Gervais. Alikuwa Mkongo wa makamo, aliyewahi kuwa mkuu wa mikopo ya makampuni katika benki moja ya Bukavu kabla ya vita kumfikisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Hapo kambini alifundisha kompyuta katika jumba la mabati, na jioni, wanafunzi wake wakishakwenda kupika, alimfundisha Akiru namna ya kupima thamani ya kampuni: faida ya miaka iliyopita, fedha zinazotarajiwa kuingia, madeni, na ile sehemu isiyoonekana kwenye vitabu. Hakumtoza kitu. Alisema elimu yake ilikuwa inaota kutu na alihitaji mahali pa kuisugulia.

Akiru alizaliwa Lorugum, akasomea biashara Nairobi, na mwaka huo wa 2012 alikuwa karani katika shirika linalogawa chakula kwa wakimbizi. Kazi aliyoitaka ilikuwa nyingine. Alitaka kuingia katika zile ofisi chache za Nairobi ambazo hununua sehemu ya kampuni isiyouzwa kwenye soko la hisa, huikuza kwa miaka kadhaa, kisha huuza sehemu hiyo kwa faida. Au, zikimkataa, katika benki zinazowashauri wanunuzi wa namna hiyo. Alikuwa ameziandikia zote. Zilizojibu zilimwambia zinahitaji mtu mwenye uzoefu, na uzoefu huo ulipatikana kwao tu. Nafasi zilipotokea zilijazwa na vijana waliokwisha kujulikana na mtu wa ndani: mwana wa rafiki, mwanafunzi wa zamani wa shule fulani, jirani wa kanisani.

"Ile mulango banafungulia mutu banajua," Gervais alimwambia. "Kwa hiyo utatafuta njia ya kusimama karibu yao. Utaongea vizuri, utauliza maswali ya akili. Kazi, usiombe hata siku moja."

"Nikisimama karibu bila kusema ninachotaka, watajuaje, Papa Gervais?"

"Batajua. Mutu mwenye kuomba anaonyesha njaa. Mu benki, njaa inafichwa, ma fille, binti yangu."

Akiru alikubali upesi kuliko Gervais alivyotarajia. Alikuwa na sababu yake.

Katika Turkana kuomba ni sehemu ya kuamkiana. Mtu humwomba mwenzake tumbaku, shanga, kisu, hata fahali. Anayeombwa hukataa, hueleza kwa nini anakataa, halafu naye huomba kitu. Mara nyingi hakuna kinachotolewa, lakini wakiachana kila mmoja anajua mwenzake ana nini, anathamini nini, na siku ya njaa atamwendea vipi. Asiyeombwa kitu ni mtu asiyehesabiwa. Akiru alikulia humo bila kuliwazia, hadi siku ya kwanza chuoni alipomwambia msichana waliyepangiwa naye chumba, "Nipe hivyo viatu." Alikuwa anatafuta urafiki. Kufikia chakula cha jioni, wasichana wa ghorofa nzima walikuwa wameonywa wafunge masanduku yao kwa kufuli. Tangu hapo hakuomba kitu mbele ya watu wa Nairobi, hata chumvi mezani.

Mwezi wa Machi mafuta yalikuwa yamegunduliwa karibu na Lokichar, na wakandarasi waliofuata walihitaji kula. Lokuruka, mfanyabiashara wa Lodwar aliyekuwa ameuza mbuzi Kakuma kwa miaka mingi, akaanza kupeleka nyama kwenye majiko yao. Biashara ilikua hadi ikadai machinjio yenye chumba baridi, na fedha za kujenga machinjio hayo hakuwa nazo. Mfuko mmoja wa uwekezaji wa Nairobi ukasikia habari zake. Oktoba ukamtuma mmoja wa wakuu wake, Sally Chepchumba, amkague mtu na biashara kabla ya kununua hisa. Alihitaji mkalimani anayejua Kiturkana na anayeweza pia kusoma mizania. Mkuu wa Akiru alipoulizwa, alikuwa na jina moja tu la kutoa.

"Mungu amesikia," alisema Gervais. "Sasa ile kanuni, uichunge."

Akiru aliwapokea kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Lodwar. Sally alikuwa mwanamke mrefu wa Kapsabet, aliyevaa kofia pana ya ukili na kuuliza maswali mafupi. Nyuma yake alikuja Levis Wasike, mchambuzi wake, kijana mnene kutoka Bungoma, kompyuta begani na jasho tayari shingoni.

"Ejok! Nimesema sawa?" Levis alimsalimu Akiru kwa Kiturkana wakipakia mizigo.

"Umesema sawa. Mimi nijibu ejok-noi."

"Basi nimemaliza Kiturkana chote." Akapunguza sauti. "Nasikia unataka hii kazi yetu ya kubeba mikoba. Kiti changu kinabaki wazi, Januari naenda kusoma. Lakini nikuambie, dada yangu: usimwombe Madam. Kuna jamaa alimngoja kwenye lifti na CV mkononi. Walishuka pamoja mpaka chini na hakumjibu hata neno. Hapendi watu wa nipe-nipe."

"Sina haja ya kumwomba," alisema Akiru.

"Hapo sawa. Wewe utafika."

Garini Sally alieleza jinsi alivyotaka kazi ifanyike. "Utatafsiri kwa Kiingereza. Kiswahili tunaelewana sote, lakini maelezo yangu yatasomwa na wenye pesa, na wengi wako Ulaya. Sitaki niandike neno ambalo mtu hakulisema."

"Ndiyo, Madam."

Siku hiyo walikwenda moja kwa moja hadi Kakuma, nyuma ya gari la polisi kama ilivyokuwa desturi ya barabara ile, na wakamkuta Lokuruka katika mnada wa mifugo kando ya mto Tarach, ambao wakati huo ulikuwa mchanga mtupu. Alikuwa ameketi juu ya ekicholong yake, kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na simu mbili zilikuwa mfukoni. Kiswahili alikijua cha sokoni. Kwa mambo ya hisa alitaka lugha yake.

Walisalimiana kwa muda mrefu. Kisha Lokuruka akamtazama Sally utosini.

"Mwambie kofia yake imenipendeza," alimwambia Akiru. "Anipe."

Akiru aliwaza haraka. Sally alikuwa na kalamu mkononi. "Anasema kofia yako ni nzuri," alitafsiri.

"Mwambie asante," alisema Sally, akageukia swali la bei.

Lokuruka alingoja kidogo. Hakuona kinachofuata, akajibu swali la bei.

Alijibu vizuri. Alieleza anavyonunua mbuzi kutoka kwa wafugaji wa Loima, ni wangapi hufa lorini wakati wa kiangazi, kwa nini mahoteli ya Wasomali na Waethiopia kambini hulipa mwisho wa mwezi, na kwa nini majiko ya Lokichar hukataa mbuzi mwembamba hata akiwa mzima. Akiru alitafsiri yote hayo kwa usahihi, pamoja na mahali Lokuruka aliposema hajui. Sally aliandika. Levis aliingiza takwimu kwenye kompyuta huku akiikinga vumbi kwa leso.

Katikati ya maelezo hayo Lokuruka aliomba chupa ya maji aliyokuwa nayo Sally, chupa ya chuma yenye kifuniko chenye kamba.

"Anasema hapa utahitaji maji mengi," alitafsiri Akiru.

"Hilo nimeliona," alisema Sally.

Baadaye aliomba gari. Aliomba huku macho yake yakicheka, akalipapasa boneti kama mtu anayepapasa nundu ya ngamia. "Mwambie kabla hajanunua chochote kwangu aniachie hili. Yeye atarudi kwa ndege, la nini?"

"Anasema barabara zetu zinachosha magari."

Kila alipofanya hivyo Akiru alipiga hesabu ileile. Neno moja kuhusu kuomba lingeingia katika maelezo ya Sally kama dosari ya mwenye kampuni. Dosari ingeua ununuzi. Na ununuzi ukifa, mkalimani wake angesahaulika pamoja nao. Hesabu hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikosa kitu kimoja tu, kwamba upande wa pili pia kulikuwa na mtu anayehesabu.

Jua lilipoanza kuteremka na madalali wakifungua mbuzi wasiouzwa, Lokuruka alimuuliza Akiru baba yake ni nani. Alipotajiwa Ebei wa Lorugum alipiga goti lake kwa kiganja.

"Ebei nilichunga naye kule Loima! Basi mwambie mgeni hivi. Huyu ni binti wetu. Amesoma kama wao. Ampe kazi kwake. Simwombei kwa huruma. Nataka akiulizwa habari zangu huko Nairobi awe na mtu wa kunijua. Mwambie Lokuruka anamwomba huyu msichana."

Levis aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akingoja tafsiri.

"Anakushukuru kwa kuja kutoka mbali hivi," alitafsiri.

Sally aliinamisha kichwa kwa adabu. Lokuruka alimtazama, akangoja, kisha akasimama na kubeba kigoda chake.

"Maneno yote yale ni asante tu?" Levis alinong'ona.

"Kiturkana ni kirefu."

"Na Kiluhya je? Ungekuja kwetu ungelala njiani."

Kabla msafara wa kurudi haujaondoka, Akiru alipita kwenye jumba la mabati na kumweleza Gervais yote, pamoja na ombi la mwisho. Gervais alivua miwani.

"Alikuombea kazi, na wewe ukafunga mulango?"

"Kanuni ni yako, Papa."

"Ni yangu," alisema. "Ni yangu."

Asubuhi iliyofuata, mjini Lodwar, ilionekana kana kwamba kanuni ilikuwa ya kweli. Sally alikunywa chai yake kwenye veranda ya hoteli, akasoma upya maelezo ya jana, na akasema bila kuinua macho, "Unafanya kazi safi, Akiru. Hupambi maneno. Nitumie CV yako."

Levis alimkonyeza kutoka upande wa pili wa meza. Akiru alijibu, "Ndiyo, Madam," kwa sauti aliyoifanyia mazoezi. CV ilikuwa mkobani mwake tangu alipotoka Kakuma. Aliiacha humo, maana hata kuitoa upesi kungeonyesha njaa.

Lokuruka aliwapokea katika ua wake karibu na mto Turkwel, penye chanja za kuanikia ngozi na kivuli cha mikoma. Sally alikuwa amekuja na bei. Aliieleza kwa utaratibu: sehemu ya hisa watakayonunua, fedha watakazoleta, nani ataketi kwenye bodi, lini watauza na kuondoka. Akiru alitafsiri bila kupunguza wala kuongeza. Lokuruka alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie aende salama," alisema. "Sitauza."

Sally aliuliza kama ni bei.

"Bei ni nzuri."

Aliuliza kama ni hisa, kama ni bodi, kama kuna mnunuzi mwingine. Lokuruka alijibu kila mara kwamba sivyo, na kwamba hana ugomvi na mtu. Sally alifunga daftari lake taratibu. Aliagana naye vizuri, akaelekea garini akifuatwa na Levis.

Akiru alibaki nyuma. "Apa," alisema, kama mtu anavyomwita baba yake, "kwa nini?"

"Wewe uliyekuwapo ndiwe unayeniuliza?" Lokuruka alihesabu kwa vidole. "Nilimwomba kofia. Nilimwomba maji. Nilimwomba gari. Nikamwomba wewe. Hakunipa, sawa, nani hutoa kila anachoombwa? Lakini hakukataa! Alinitazama kama ukuta. Na yeye mwenyewe hakuniomba kitu, hata mbuzi mmoja wa njiani. Nimeshirikiana na wezi, na wezi huomba. Mtu asiyekataa na asiyeomba, kiangazi kikija, nitamwendea na maneno gani? Nitaingia naye boma moja vipi?"

Akiru alimwelewa papo hapo, kama mtu anavyoelewa lugha ya mama yake. Lokuruka alikuwa ameijaribu tabia ya mshirika wake kwa njia pekee aliyoiamini, na majibu aliyoyapima hayakuwa ya Sally.

Garini Levis alikuwa akieleza kwamba wazee wa hivi hubadilika kama upepo. Barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa fupi. Akiru alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemgusa. Ripoti ingesema mwenye kampuni alighairi bila sababu, mkalimani alifanya kazi safi, na CV ingepokelewa. Lakini sababu ilikuwapo, na sababu ilikuwa yeye. Ripoti yenye kosa la namna hiyo, Gervais angeirudisha bila kuisoma zaidi.

"Madam," alisema kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu waanze kazi, "kuna maneno sikuyatafsiri jana."

Sally aligeuka. "Maneno gani?"

"Alikuomba vitu. Mimi nikasema mengine."

"Vitu gani?"

"Kofia. Chupa ya maji. Gari." La nne hakulitaja. Alijiambia halihusu hisa. Badala yake alieleza maana ya kuomba, na kwa nini Lokuruka amekataa.

"Kwa nini uliyaficha?"

"Niliona aibu. Niliogopa utaandika kwamba ni ombaomba."

"Ningeandika," alisema Sally. "Ningeandika hivyo hivyo. Halafu wewe ungenieleza, na mimi ningefuta. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa. Sikukuleta unilinde." Akamgusa dereva begani. "Geuza gari."

"Madam, ndege," alisema Levis.

"Ndege itaenda. Ina watu wengine."

Lokuruka hakuonyesha kushangaa alipowaona tena. Alikuwa amekaa palepale. Safari hii Sally hakukaa mbali, pale kilipowekwa kiti chake cha plastiki. Alikivuta hadi goti lake likakaribia goti la mwenyeji.

"Mtafsirie kila neno," alimwambia Akiru. "Kofia sikupi. Ninyi jua la hapa mmezaliwa nalo. Kichwa changu ni cha Kapsabet, kule kuna mvua. Ukitaka nife mwambie Levis, yeye atarithi kiti changu."

Akiru alitafsiri. Lokuruka alimtazama Levis kwa makini, kisha akasema kijana huyo amenona vya kutosha, hahitaji urithi.

"Amesema nini?" Levis aliuliza.

"Kwamba umenona."

"Huyo ni mzee wa kweli," alisema Levis.

"Maji nayo sikupi," Sally aliendelea, "maana chupa nilipewa na mwanangu. Na gari si langu. Pesa zote unazoniona nazo ni za watu walioniamini, na nikianza kugawa magari yao hutaniona tena hapa wala kwingine. Sasa na mimi naomba. Nipe hicho kigoda."

Lokuruka alikishika kigoda kwa mikono yote miwili kana kwamba kingekimbia. "Hiki? Hiki kinajua kichwa changu! Nikimpa mwanamke ekicholong yangu, wanaume wa Lodwar watanilaza chini na watoto. Mwambie aombe kitu kingine."

"Basi nipe beberu yule mweupe."

"Yule ni wa harusi ya kijana wangu."

"Basi ndama."

"Ndama gani? Aje aombe wakati wa mvua, kama watu wenye akili!"

Waliendelea hivyo mpaka chai ya maziwa ikaletwa. Akiru hakuacha neno, hata lile la Sally kwamba bibi yake angemshinda Lokuruka kwa maneno na kuondoka na ng'ombe wake wote. Mahali fulani kati ya ndama na chai mazungumzo yalirudi kwenye hisa, bila mtu kuyaelekeza huko. Lokuruka alitaka kujua: siku wakigombana katika bodi, ni nani atakayemwambia hapana, na kwa sababu gani. Sally alimweleza. Jibu lilikuwa refu na halikuwa tamu, na Lokuruka alilipenda. Alisema atauza, ila kwanza mwanasheria wake wa Kitale asome karatasi.

Ndege ilipita juu yao ikielekea kusini. Levis aliitazama mpaka ikatoweka.

"Bado moja," alisema Lokuruka. Alimwelekea Akiru kwa kidevu. "Nilimwomba vinne. Cha nne hajanijibu."

Akiru aliushika mkoba wake.

"Anasema nini?" Sally aliuliza.

Ilikuwa kazi yake kusema. Hakukuwa na mkalimani mwingine pale. "Anasema alikuomba kitu cha nne, na hujamjibu." "Cha nne ni mimi. Jana alikuomba unipe kazi. Alisema akiulizwa habari zake Nairobi anataka kuwe na mtu wa kumjua."

"Na wewe ulitafsiri nini?"

"Kwamba anakushukuru kwa kuja kutoka mbali."

Levis alianza kukohoa, akajificha nyuma ya kikombe. Sally hakucheka. Alimgeukia Lokuruka, na alipozungumza alitumia sentensi fupi ili zitafsirike.

"Mwambie simpi. Kazi yangu haitolewi uani. Kuna mtihani, na kuna wengine wanaoungoja. Huyu ni hodari. Lakini kwa siku mbili amechagua nini nisikie na nini nisisikie, na leo nusura nipoteze kampuni kwa sababu hiyo. Mtu wa namna hiyo sijui kama naweza kumpa vitabu vya watu."

Akiru alitafsiri. Alitafsiri "hodari" na alitafsiri "nusura nipoteze". Sauti yake ilikwaruza mahali pamoja, akarudia sentensi hiyo ili isikike vizuri.

Lokuruka alisikiliza akitikisa kichwa polepole kama anayekubali bei. "Amekataa vizuri," alisema. "Ametoa sababu, na sababu ina mifupa. Sasa mlango uko wazi. Omba mwenyewe, binti ya Ebei. Mimi nimefika mwisho wangu."

"Amesema nini?"

"Amesema umekataa vizuri. Na kwamba sasa niombe mwenyewe."

"Na?"

Akiru alifikiria lifti, na masanduku yaliyotiwa kufuli, na Gervais akivua miwani. Kisha akafungua mkoba, akatoa CV iliyokuwa imekunjika pembeni kwa kukaa humo, akaishika kwa mikono miwili.

"Naomba kazi, Madam."

Sally aliipokea. Hakuisoma. "Na mimi nakuomba," alisema. "Niandikie kila kilichosemwa siku hizi mbili. Chake, changu na chako. Pale ulipobadilisha, andika alichosema, halafu ulichosema wewe, halafu kwa nini. Usijipambe. Nikisoma nikaona umeacha hata kofia, usije Nairobi. Nikiona hukuacha, njoo ufanye mtihani kama wengine."

"Ndiyo, Madam."

"Sasa Levis, tutafutie gari la kwenda Kitale. Na wewe ulikohoa nini hapo nyuma ya kikombe?"

"Hakuna, Madam. Chai ni moto."

Akiru aliandika maelezo hayo katika jumba la mabati la Kakuma. Yalikuwa marefu kuliko alivyokusudia, kwa kuwa sehemu ya "kwa nini" ilimrudisha hadi kwenye viatu vya msichana wa chuoni, na aliviandika pia. Aliyatuma bila kumwonyesha Gervais. Januari alifanya mtihani Nairobi pamoja na watu wengine sita, wote wa Nairobi. Hakuwa wa kwanza katika hesabu. Barua iliyofuata ilimchukua kwa majaribio ya nusu mwaka, na faili la kwanza alilopangiwa lilikuwa la machinjio ya Lodwar.

Alikwenda kumuaga Gervais jioni, wanafunzi wakiwa wameshatoka.

"Kwa hiyo uliomba," alisema Gervais.

"Niliomba."

"Ukaonyesha njaa."

"Yote, Papa."

Gervais alizima kompyuta moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu wa utaratibu na hakuzungumza hadi alipomaliza. "Ile kanuni haikutoka Bukavu," alisema. "Kule nilikuwa naomba kama watu bote. Ni hapa. Hapa minaomba chakula, minaomba kuni, minaomba karatasi ya kutoka mu kambi kwenda Lodwar. Nilitaka kuwe mutu mumoja haombi. Nikachagua weye. Ilikuwa hesabu mbaya."

"Mimi hujawahi kuniomba kitu," alisema Akiru. "Umenifundisha bure muda wote huo, hukuniomba hata soda. Kwetu hiyo ni dharau."

"Dharau?"

"Kubwa. Niombe."

Gervais alicheka kidogo, akaona kwamba hatanii. Alifikiri. "Utakuwa unafanya hesabu za makampuni. Nitumie moja moja. Nisugue kichwa."

"Sikupi. Vile ni vitabu vya watu, ni siri. Nikikupa watanifukuza, na watakuwa na haki."

"Bon. Ni kweli." Alikunja uso wa mtu aliyekataliwa, kisha ukakunjuka. "Basi zile makampuni ya soko la hisa. Zile zinachapishwa, kila mutu anasoma."

"Hizo nitakutumia. Kila zikitoka." Akiru alinyoosha mkono juu ya meza. "Na mimi naomba hiyo kalkuleta yako."

Gervais aliinyakua na kuiweka kifuani. Ilikuwa kubwa, ya zamani, vitufe vyake vimefutika namba.

"Hii? Apana, apana, ma fille. Hii siwezi. Ngoja nikuambie juu ya nini," alisema, akavuta kiti, akaketi, akaanza kutoa sababu.